Canon walininyima vitu makusudi? Na je, nihamie Sony?

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi, sendofu na kipaimara hapa Morogoro. Natumia Canon EOS R niliyoinunua mkononi, pamoja na lenzi mbili za EF nilizokuwa nazo tangu enzi za kamera yenye kioo ndani (DSLR): 24-70 na 70-200, zote f/2.8, nazifunga kwa adapta. Picha zake nazipenda sana. Tatizo ina nafasi moja tu ya memori kadi, haina kituliza mtikisiko ndani ya bodi, na nikirekodi 4K inakata picha pembeni. Wenzangu wenye Sony wananiambia Canon huwanyima wateja wake vitu kusudi ili wanunue kamera ya ghali zaidi. Ni kweli? Na niuze vyote nihamie Sony a7 IV?

Jibu: Marahaba. Kuhusu kamera uliyonayo, wenzako hawajakuonea. Mambo hayo matatu ndiyo yaleyale yaliyopigiwa kelele siku EOS R ilipotangazwa, Septemba 2018, na kelele zilikuwa na sababu. Februari ya mwaka huohuo Sony walikuwa wametoa a7 III kwa dola 2,000 bodi peke yake: nafasi mbili za kadi, kituliza mtikisiko ndani, 4K kwa upana wote wa kihisi (sensa inayonasa picha), picha 10 kwa sekunde. Canon wakaja baadaye, kwa dola 2,300, bila hata kimoja kati ya hivyo. Mtu aliyesubiri miaka mitano Canon waingie kwenye kamera za kihisi kikubwa (full-frame) zisizo na kioo alikuwa na haki ya kukasirika.

Ila ushauri wao wa kuuza kila kitu siukubali, na nitakueleza kwa nini. Kwanza tuangalie hivyo vitu vitatu, kwa sababu havikukosekana kwa sababu moja.

Tuanze na 4K. Kihisi cha kamera yako, cha megapikseli 30, ni cha ukoo wa kile kilichokuwa kwenye 5D Mark IV ya mwaka 2016. Nayo 5D Mark IV ilikuwa inakata 4K hivyohivyo. Kihisi husomwa mstari kwa mstari, na hiki hakisomwi kwa kasi ya kutosha kumaliza upana wote mara 30 kwa sekunde. Kwa hiyo kamera inasoma sehemu ya katikati tu. Ukataji ni wa mara 1.74, maana yake lenzi yako ya milimita 24 inaona kama ya milimita 42. Ndiyo sababu chumbani, bibi harusi anapovalishwa, mgongo wako umeshagusa ukuta na bado mama yake mzazi hayumo kwenye fremu. Hapa Canon hawakukuficha kitu. Walitumia kihisi walichokuwa nacho badala ya kungoja kipya. Unaweza kuwalaumu kwa uvivu, lakini hakuna swichi ndani ya kamera yako waliyoizima.

Kituliza mtikisiko nacho hawakuwa nacho. Kwa miaka mingi Canon waliamini mtikisiko utulizwe ndani ya lenzi, wakajenga lenzi zao kwa imani hiyo, huku Olympus, Sony na wengine wakijifunza kukielesha kihisi chenyewe ndani ya bodi. Kamera za Canon za kihisi kikubwa zikakipata Julai 2020, kwenye R5 na R6.

Nafasi ya kadi ni jambo tofauti kabisa. Kuweka nafasi ya pili hakuhitaji ugunduzi wowote, na Canon haohao walikuwa wakiweka nafasi mbili kwenye 5D kwa miaka. Nikon nao, wiki mbili hivi kabla ya EOS R, walitangaza Z6 na Z7 zikiwa na nafasi moja tu ya kadi, ya aina ya XQD, wakalaumiwa vilevile. Hapo mtu alikaa ofisini akaamua: hii si kamera ya kazi, kamera ya kazi tutaiuza baadaye. Hilo ndilo naliita kunyima, na kwa mpiga harusi ndilo baya kuliko yote matatu, kwa sababu 4K iliyokatwa utaizoea lakini kadi ikifa na kiapo cha ndoa ndani yake hakuna cha kufanya.

Kwamba kampuni huzima vitu ambavyo kamera inaweza kuvifanya, hilo lina ushahidi wa zamani. Mwaka 2003 Canon walitoa 300D ikiwa na kihisi kilekile cha 10D iliyokuwa ghali zaidi. Haukupita muda mrefu, programu ya ndani ikachezewa na watu wa nje, na 300D ikaanza kufanya mambo ya ndugu yake mkubwa: ISO 3200, kurekebisha nguvu ya flashi, kuinua kioo kabla ya kupiga. Baadaye ikaja Magic Lantern, programu iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya 5D Mark II. Unaiweka kwenye memori kadi, unawasha kamera, na ghafla unaona mistari ya pundamilia panapozidi mwanga, unaona na kudhibiti kiwango cha sauti. Mwaka 2013 wakaifikisha 5D Mark III kurekodi video ghafi (RAW). Chuma kilikuwa kilekile kilichotoka kiwandani.

Kwa nini kampuni ifanye hivyo? Kwa sababu ina rafu ya juu ya kulinda. Novemba 2011 Canon walianzisha kamera za sinema, wakianza na C300, na tangu hapo kila kitu kizuri cha video kilichotiwa kwenye kamera ya bei ya chini kilikuwa kinamnyang'anya mteja yule wa juu. Lakini sasa sikiliza sehemu ambayo wenzako hawakukwambia. Sony nao wana rafu. FX3 ya mwaka 2021 na a7S III ya mwaka 2020 zina kihisi kimoja. Mwaka 2022 FX3 ikapewa kwa sasisho namna ya kurekodi log (video ya rangi iliyopauka, inayorekebishwa baadaye kwenye kompyuta) kama kamera za sinema, na a7S III haikupewa wakati ule. Sony haohao waliweka mistari ya fremu ya kujipangia mwenyewe kwenye a7 IV na nyingine kadhaa, wakaiuza kama leseni ya dola 149. Mistari kwenye kioo! Panasonic waliuza log ya GH5 kwa karibu dola 100, na Nikon walitoza karibu dola 200 kuifungulia Z6 utoaji wa video ghafi. Hakuna kampuni hapo iliyokuja kukupenda wewe kuliko nyingine.

Na kuna vitu vilivyokosekana kwa sababu ya sheria tu. Umewahi kujiuliza kwa nini kamera nyingi zilikuwa zinakata video kwenye dakika 29 na sekunde 59, katikati ya hotuba ya mshenga? Forodha ya Ulaya ilikuwa inaihesabu kamera inayozidisha dakika 30 kuwa kamera ya video, na kuitoza ushuru zaidi. Watengenezaji wakaona heri waikate duniani kote. Nikon nao, walipoiwekea Z9 video ghafi iliyobanwa, walishtakiwa na RED, kampuni ya kamera za sinema, mwezi Mei 2022 kwa madai ya hataza. Kesi ikaondolewa mwaka uliofuata, na Machi 2024 Nikon wakatangaza kuinunua RED yenyewe. Mpiga picha anayelalamika kwamba kamera fulani haina video ghafi huenda analalamikia karatasi za wanasheria bila kujua.

Sasa a7 IV unayoitamani. Ni kamera nzuri, nimeishika na nimewaona vijana wakifanya nayo kazi safi. Lakini na yenyewe, ukiirekodisha 4K ya fremu 60 kwa sekunde, inakata picha mara 1.5. Utatoka kwenye kamera inayokata ukaingia kwenye kamera inayokata, safari hii kwenye mwendo wa taratibu unaoutaka bwana na bibi harusi wanapoingia ukumbini. Kihisi chake cha megapikseli 33 kinasomwa polepole, kwa hiyo shata ya kimya ndani ya kumbi zetu zenye taa za LED itakupa mistari ya giza na nuru kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, na kihisi kinachosomwa polepole kinazinasa zikipepesa. EOS R yako ina udhaifu huohuo. Dawa ni kutumia shata ya kawaida, 1/50 au 1/100, na hiyo ni bure kwenye kampuni zote.

Sony walichelewesha mengi mengine. Faili ghafi zilizobanwa bila kupoteza chochote hawakuzileta mpaka a1, Januari 2021. Kupiga mfululizo wa picha zenye fokasi tofauti, kazi ambayo Canon waliiweka hata kwenye RP yao ya bei nafuu mwaka 2019, Sony hawakuiweka mpaka a7R V, Oktoba 2022. Menyu zao za zamani zilikuwa msitu. Panasonic, ambao kwenye vyombo vya video wamekuwa wakarimu kuliko wote, walikaa na fokasi ya kuhemahema mpaka S5 II ya Januari 2023. Mtu akikwambia kampuni yake haina pengo, mwulize anapiga nini, utagundua hajawahi kulifikia.

Eneo ambalo Sony wanastahili sifa, na hapo nasimama nao waziwazi, ni lenzi. Mwaka 2011 waliamua kuzipa kampuni nyingine maelezo ya msingi ya maunti yao ya E (mlango wa kufungia lenzi) bila malipo. Matunda yake unayaona leo: Sigma, Tamron, Viltrox na wengine wana lenzi za f/2.8 zenye fokasi ya haraka kwa bei ambayo kijana anayeanza anaweza kuifikia. Si kwamba mlango uko wazi kabisa, maana kamera zao za kasi kubwa kama a1 zinapiga picha 30 kwa sekunde na lenzi za Sony, lakini lenzi za kampuni nyingine zinabanwa kwenye 15. Kwa harusi hilo halikuhusu. Canon, kwa upande wao, mwaka 2022 waliwazuia Viltrox kuuza lenzi za RF, maunti ya kamera zao mpya zisizo na kioo, zenye fokasi otomatiki, na ilipofika Aprili 2024 ndipo Sigma na Tamron wakaruhusiwa, tena kwa lenzi za kihisi kidogo tu. Kwangu mimi kufungia lenzi nje ni kosa kubwa kuliko nafasi ya kadi, kwa sababu bodi utaibadilisha baada ya miaka michache lakini lenzi utakaa nazo muda mrefu. Ningekuwa nazungumza na mtu anayeanza leo, hana lenzi hata moja, ningemwambia aangalie Sony kwanza, au Nikon Z.

Lakini wewe huanzi leo. Una 24-70 na 70-200 za EF, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Adapta ya Canon haina kipande chochote cha lenzi ndani, ni nafasi tupu na nyaya za mawasiliano, kwa hiyo lenzi zako kwenye bodi yoyote ya RF zinafanya kazi kana kwamba zilizaliwa nayo. Ukizipeleka Sony kwa adapta ya kampuni nyingine zitafunga fokasi vizuri kwenye picha mnato, lakini kwenye video utaanza kuziona zikisita. Kwa hiyo kuhama maana yake ni kuziuza na kununua nyingine. Unauza kwa bei ya mkononi, unanunua kwa bei ya dukani, na pengo hilo unalijaza kwa harusi ngapi? Ongeza betri, kwa sababu za Canon hazitaingia, ongeza kichochezi cha flashi. Halafu kuna la kijamii ambalo watu hulisahau: flashi ikikufia Ijumaa jioni, au ukihitaji lenzi ya pili ya mbali, utamwazima nani? Hesabu wapiga picha wenzako wa Morogoro na Dodoma unaoweza kuwapigia simu, uone wana lenzi za kampuni gani. Jibu hilo lina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa za kamera.

Ushindani wa hizi kampuni umekusaidia kwa njia moja ambayo haionekani ukiwa katikati ya kelele. EOS R ilitukanwa, na chini ya miaka miwili R6 ikatoka na vitu vyote vitatu: nafasi mbili za SD, kituliza mtikisiko ndani ya bodi, na 4K kwa karibu upana wote wa kihisi hata kwenye fremu 60. Z6 ilitukanwa, na Oktoba 2020 Z6 II ikaja na nafasi mbili. Menyu za Sony zilitukanwa, na a7S III ya Julai 2020 ikaja na menyu mpya na kioo cha kugeuka upande. Anayelipia kasoro ni mnunuzi wa kwanza, na anayefaidi marekebisho ni wa pili. Kwa hiyo mpiga picha wa kazi, asiye na fedha za kuchezea, anunue kamera ya mzunguko uliorekebishwa, na ainunue mkononi.

Ushauri wangu kwako basi ni R6 iliyotumika, au R6 Mark II ya mwaka 2022 mfuko ukiruhusu. Lenzi zako zinabaki, adapta yako inabaki, betri zako za LP-E6N zinaingia. 24-70 yako ya zamani, ambayo haina kituliza chake, itapata cha kwenye bodi. Utashuka kutoka megapikseli 30 hadi 20, na najua hilo litakuuma ukisoma kwenye karatasi. Kwa albamu na picha ya ukutani megapikseli 20 zinatosha, na kwenye ukumbi wenye giza utafurahia. Kasoro za R6 nazo uzijue mapema: inapata joto ukirekodi 4K ya fremu 60 kwa muda mrefu, na video zake zinakatika kabla ya dakika 30. Rekodi hotuba kwa fremu 25, tumia 60 kwa vipande vifupi vya maingilio na muziki. Mark II imeondoa kikomo cha dakika 30 na inastahimili joto vizuri zaidi.

EOS R usiiuze. Ibaki kamera ya pili, yenye 70-200 begani, na hiyo peke yake itakupunguzia kubadilisha lenzi katikati ya ibada. Na kama R6 itachukua miezi kuipata, kuna njia ndogo ya kuponya 4K ya sasa. Tafuta lenzi ya EF-S 10-18 STM, ile nyepesi ya plastiki waliyokuwa wakiitumia watu wa kamera ndogo za Canon. Kwa kuwa EOS R inasoma katikati ya kihisi tu ikiwa kwenye 4K, lenzi hii ya kihisi kidogo inaifunika bila shida, na milimita zake 10 zinaona kama 17 hivi. Inaingiza mwanga kidogo, ni ya f/4.5, kwa hiyo iweke chumba cha bibi harusi penye dirisha, usiipeleke ukumbini usiku. Mkononi inapatikana kwa bei ndogo kuliko lenzi yoyote ya RF unayoweza kuifikiria.

Kuhusu nafasi moja ya kadi, mpaka siku utakapobadilisha bodi, usipige harusi nzima kwenye kadi moja kubwa. Kadi ya maandalizi itoe kabla hujaingia kanisani au msikitini, weka nyingine safi kwa ibada, itoe tena kabla ya ukumbi. Kadi iliyotoka iingie kwenye kikasha kilicho mwilini mwako, si kwenye begi linaloachwa chini ya meza. Msaidizi aihamishie kwenye laptop mkiwa njiani kwenda ukumbini. Na kadi isifutwe mpaka wenyewe wamepokea kazi yao.

Siku ya kununua R6, nenda na lenzi yako na kadi mbili. Kwenye menyu ya kurekodi, kamera inatoka kiwandani ikiandika kadi moja tu, na nafasi ya pili haifanyi nakala mpaka uiamuru. Nimewaona watu wakitembea mwaka mzima na kadi ya pili tupu wakidhani wako salama. Iweke iandike kadi zote mbili, piga picha chache, kisha toa kila kadi uifungue peke yake kwenye laptop ya muuzaji uhakikishe picha ziko pande zote. Washa kituliza mtikisiko, piga kwa 1/10 ukiwa umesimama, kuza uone kama herufi za bango la mbali zinasomeka. Funga f/16 upige ukuta mweupe utazame madoa ya kihisi. Ikipita hayo, lipa.